Mwaka wa Tufani

Usiku wa Ijumaa, tarehe 3 Mei 2024, mama alinipigia simu kutoka Lindi. Aliitikia marahaba upesi upesi, akaingia moja kwa moja kwenye lililomkosesha usingizi. "Mwanangu, huku wametangaza msikitini kuna kimbunga kinakuja. Wavuvi wameambiwa wasitoke. Wewe ndiye mwalimu wa mambo haya. Hebu niambie, kimbunga kimewahi kufika kwetu?"

Nafundisha Jiografia katika shule moja ya sekondari hapa Dar es Salaam, mwaka wa kumi na sita sasa. Nilimjibu vile vile ninavyowajibu wanafunzi wangu. Nikamweleza kuwa kimbunga kinahitaji kusokotwa na mzunguko wa dunia, na kwamba karibu na ikweta msokoto huo ni mdogo mno, ndiyo maana Madagaska na Msumbiji hupigwa mara kwa mara ilhali sisi tunapona. Afunge madirisha, aingize kuku ndani, alale.

"Kwetu hakijawahi kufika, mama."

Akanyamaza kidogo. "Haya. Lakini mbona bibi yako alikuwa akisema mwaka wa tufani?"

Hilo sikumjibu. Nilidhani ni yale mazungumzo ya wazee, mvua kubwa ya zamani iliyozidi kukua kila iliposimuliwa.

Kesho yake kimbunga chenyewe, Hidaya kwa jina, kilifika Mafia kikiwa kimeshapoteza nguvu zake nyingi. Boti za Unguja zilikuwa zimesimamishwa na wavuvi wengi walikuwa nchi kavu. Kilichotuumiza ni mvua yake. Barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika Somanga, makalavati yakazolewa, abiria wakalala ndani ya mabasi wakingoja njia iungwe. Mama alisalimika, na nyumba yake pia. Mimi nikabaki na swali lake limenikwama kama mwiba wa samaki kooni.

Likizo ya Juni nilikaa chini kulitafutia jibu. Nilipekua kumbukumbu za njia za vimbunga vya Bahari ya Hindi zinazokusanywa kimataifa, nikasoma na maandishi ya wataalamu wa hali ya hewa kuhusu pwani yetu. Ndipo nikakutana na tarehe: 15 Aprili 1952. Kimbunga. Kilitua Lindi.

Nilisoma mstari ule mara tatu, kisha nikampigia mama. Nikamuuliza: bibi alipokuwa akiutaja mwaka wa tufani, wewe ulikuwa na umri gani? Hakufikiri hata kidogo. "Alikuwa akisema nilikuwa ndiyo kwanza naanza kutambaa. Alinifunga kifuani kwa kanga, tukalala chini ya mwembe ulioanguka, maana nyumba ilikuwa imekwenda."

Kwa hiyo mama yangu, aliyeniuliza kama kimbunga kimewahi kufika kwetu, alikuwamo ndani ya kile cha 1952. Na mimi, mwenye shahada ya ualimu na ubao wa kuandikia, nikamwambia hakijawahi kufika.

Nimelifikiria sana jambo hili tangu siku ile. Bibi hakuficha kitu. Aliisema habari ile maisha yake yote; alihesabia kwayo kuzaliwa kwa watoto, kufa kwa mumewe wa kwanza, kukauka kwa minazi ya baba yake. Lakini yeye aliita tufani. Redio na televisheni husema kimbunga. Vitabu nilivyosomea mimi vilisema saikloni. Maneno matatu ya kitu kimoja, kila moja na watu wake, na hayakuwahi kukutana hadi usiku mama alipounganisha mawili kati yake kwa swali lake, nami nikaliachia lipite. Bibi alikuwa na taarifa. Mimi nilikuwa na nadharia.

Nadharia yenyewe si ya uongo. Ni kweli vimbunga ni nadra katika latitudo zetu. Lakini nadra na kamwe ni maneno mawili tofauti, na mimi nilimpa mama lile lisilo sahihi. Unguja nako kilipiga kimoja, tarehe 15 Aprili 1872, miaka themanini kamili kabla ya kile cha Lindi. Kilivunja majahazi na merikebu za Sultani Barghash bandarini, kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya kisiwa. Pemba ilisalimika, na ikawa ndiyo kwanza inashika uongozi wa karafuu ambao haikuuachia tena. Watu wangapi wananusa karafuu za Pemba bila kujua kwamba sehemu ya sababu yake ni upepo wa siku moja?

Kutoka hapo nilijikuta nimezama. Kutafuta tufani moja kulinifikisha kwenye kanzidata iitwayo EM-DAT, inayotunzwa na kituo cha utafiti cha CRED katika Chuo Kikuu cha Louvain, Ubelgiji, tangu mwaka 1988. Ni daftari la maafa la dunia nzima, kuanzia mwaka 1900 hadi leo, lenye matukio zaidi ya 26,000. Mtu yeyote asiyefanya nalo biashara anajiandikisha na kulipakua bure. Kila tukio lina mstari wake wenye namba, na mwisho wa namba hiyo kuna herufi tatu za nchi. Sisi ni TZA, Kenya KEN, Msumbiji MOZ. Halafu safu: aina ya tukio, mahali, tarehe, waliokufa, waliojeruhiwa, walioathirika, hasara ya fedha. Taarifa zinatoka serikalini, kwenye mashirika ya Umoja wa Mataifa, Msalaba Mwekundu, kampuni za bima na vyombo vya habari, na kuna watu kazi yao ni kukaa na kuzilinganisha.

Nilizipita TZA moja moja. Tetemeko la Kagera la 10 Septemba 2016. Mafuriko ya Dar es Salaam ya Desemba 2011, yaliyoua takriban watu 40 na kuwatoa familia nyingi Bonde la Msimbazi hadi Mabwepande. Watabiri walisema jiji halijaona mvua ya namna ile tangu 1954. Maporomoko ya Hanang ya 3 Desemba 2023. Inakuwa kama kupita makaburini ukisoma mawe.

Hapo Hanang nilisimama kidogo, kwa sababu nilikumbuka siku zenyewe. Idadi ya waliokufa ilianza chini, ikapanda asubuhi, ikapanda jioni, ikaendelea kupanda kadiri tope lilivyochimbwa pale Katesh na Gendabi, ikaishia 89. Wakati huo huo mitandaoni ilizagaa kwamba mlima umelipuka, kwa kuwa Hanang ni volkano iliyolala. Wataalamu wa jiolojia wakaja kueleza kwamba haukulipuka. Sehemu ya mlima ilinyonya maji ya mvua mpaka miamba ikalegea, ikakatika, ikashuka na tope, mawe na miti juu ya watu. Nimewasikia watu wakisema idadi ikibadilika basi kuna anayedanganya. Mimi nasema mara nyingi ni kinyume chake. Idadi inayopanda polepole ni ya watu wanaochimba na kuhesabu. Ninayoitilia shaka ni ile inayotoka siku ya kwanza ikiwa ya duara na haibadiliki tena.

Kisha nikatafuta mvua ya mjomba.

Mjomba wangu ni fundi cherehani, Kigogo. Miaka kadhaa iliyopita, usiku mmoja wa vuli, mto ulipanda ukabeba vyumba viwili vya uani na cherehani mbili, moja ikiwa ya mteja aliyeleta kutengenezewa. Hakufa mtu. Majirani kama ishirini walipoteza magodoro, unga, madaftari ya watoto. Mjomba alichukua miaka mitatu kulipa ile cherehani ya mteja. Nilitafuta mwezi ule, mwaka ule. Hakuna.

Wala si kosa la mtu. Ili tukio liingie kwenye EM-DAT lazima litimize angalau sharti moja kati ya haya: wamekufa watu 10 au zaidi, wameathirika 100 au zaidi, serikali imetangaza hali ya dharura, au nchi imeomba msaada wa kimataifa. Naliona jambo hili ni la haki kabisa. Huwezi kulinganisha nchi karibu mia mbili bila kuchora mstari mahali fulani, na ukichora mstari kuna wanaobaki nje. Ila mjomba amebaki nje, na wapo akina mjomba wengi. Ukijumlisha hasara zote ndogo za mabonde yote ya mji huu, kila masika na kila vuli, nina yakini utapata mlima mkubwa kuliko gharika moja la kutangazwa. Watafiti wa Amerika ya Kilatini waliliona hili mapema. Mwaka 1994 mtandao wao wa La Red ulianza mfumo uitwao DesInventar, unaoandika hata nyumba moja iliyobebwa, hata shamba moja lililosombwa, kwa kiwango cha wilaya. Mfumo huo baadaye ulienea hadi Asia na Afrika na kuchukuliwa na ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia kupunguza hatari za maafa.

Kuna na upofu mwingine unaoniuma zaidi, kwa kuwa unaonekana kama heri. Mwaka 2020 watafiti wawili, Luke Harrington na Friederike Otto, waliandika kwamba EM-DAT ina mawimbi mawili tu ya joto kali kwa Afrika yote iliyo kusini mwa Sahara tangu 1900, yaliyoua watu 71. Ulaya, ndani ya miaka arobaini, ilikuwa na mawimbi 83 na vifo zaidi ya 140,000. Mtu anayesoma bila kufikiri atasema Waafrika wamezoea joto. Mimi nimekaa darasani Februari, wanafunzi sitini chini ya bati lisilo na dari, nimeona watoto wanaanguka. Mzee akifa alasiri ya joto, nyumbani kwake, tunasema presha. Tunasema siku zake zimefika. Hakuna anayeandika nyuzi za joto za siku ile karibu na jina lake, kwa hiyo dunia inahesabu kwamba joto halituui.

Na ile safu ya fedha. Muhula uliofuata nilichapisha mistari ya Tanzania kwenye karatasi, maana kompyuta za shule ni chache, nikawagawia kidato cha tatu. Nilitaka wachore grafu. Binti mmoja wa dawati la mbele, asiyependa kuongea, alinyoosha mkono: "Mwalimu, mbona kwenye hasara kumeachwa wazi?" Nikamwambia si kwetu tu. Ripoti ya CRED na Umoja wa Mataifa ya mwaka 2018, iliyotazama miaka 1998 hadi 2017, ilionyesha kwamba nchi tajiri ziliandika hasara za asilimia 53 ya maafa yao ya hali ya hewa, nchi maskini asilimia 13 tu. Akaangalia karatasi yake, akauliza tena: "Sasa nani alitakiwa kuijaza?"

Darasa lilicheka, wakidhani ni swali la kitoto. Nilikaa nalo wiki nzima.

Kabla sijasema tulichofanya, niseme kwa nini naamini kuhesabu kuna maana, kwa sababu najua wapo wanaosema takwimu hazizuii mafuriko. Mwaka 1970, mwezi Novemba, kimbunga kiliipiga pwani ya nchi ambayo leo ni Bangladesh. Waliokufa ni kati ya 300,000 na 500,000. Upana wa makadirio hayo wenyewe unakuambia hali ilikuwaje. Mwaka 1991 kikaja kingine, wakafa karibu 140,000. Kimbunga Sidr cha 2007, watu zaidi ya 3,000. Amphan, Mei 2020, makumi machache. Bahari ni ile ile, bonde la delta ni lile lile, na watu wameongezeka. Kilichobadilika ni kwamba baada ya 1970 waliketi wakajiuliza waliokufa walikuwa akina nani, wapi, saa ngapi, na kwa nini hawakuondoka. Kutokana na majibu wakaunda mtandao wa watu wa kujitolea, leo zaidi ya 70,000, wanaopita vijijini na vipaza sauti na kupandisha bendera za ishara, wakajenga na majengo ya kukimbilia. Kwa Amphan walihamisha zaidi ya watu milioni mbili, tena wakati wa korona.

Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilipoitumia EM-DAT kutazama miaka ya 1970 hadi 2019 liliona hali hiyo kwa dunia nzima. Vifo vitokanavyo na hali ya hewa vilikuwa zaidi ya 50,000 kwa mwaka katika miaka ya sabini, vikashuka chini ya 20,000 katika miaka ya 2010, ingawa matukio yameongezeka. Bila daftari, nani angejua kwamba kitu fulani kinafanya kazi?

Na sisi tunao mfano wetu, wa karibu kuliko Bangladesh. Tarehe 26 Desemba 2004 tsunami iliyoanzia Indonesia ilichukua saa nyingi kuvuka Bahari ya Hindi. Habari zilikuwa tayari kwenye televisheni. Kenya waliwahi kuwatoa watu kwenye fukwe za Mombasa, akafa mtu mmoja. Kwetu walikufa watu wasiopungua 10, wengi wao wakiwa baharini wanaogelea. Somalia takriban 300. Nilikuwa kijana wakati ule, na ufuo ambao rafiki zangu walikwenda siku ile nilikuwa nimealikwa.

Lugha ya serikali yetu ina kitu kizuri ambacho mtaani tumekipoteza: inatenganisha janga na maafa. Janga ni mvua, ni upepo, ni tetemeko. Maafa ni pale janga linapokuta watu hawana pa kuegemea. Kimbunga kikipita juu ya bahari tupu ni janga lisilo na maafa. Ukilishika hilo unaelewa kwamba takwimu za maafa hazizungumzii mawingu. Zinazungumzia nyumba zetu, mitaro yetu, na nani ana simu yenye chaji usiku wa manane.

Basi tukaanza kujaza.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa nikiwa na barua ya shule. Sheria ya maafa ya mwaka 2022 inataka kamati mpaka ngazi ya mtaa, kwa hiyo hakushangaa. Alishangaa kusikia sitaki hela. Nilimwambia nataka ruhusa tu, wanafunzi wangu wapite nyumba kwa nyumba wakiuliza: maji yaliingia mwaka gani, mwezi gani, yalifika wapi ukutani, yalichukua nini. Si wazo langu la kwanza duniani. Tangu 2015 mradi wa Ramani Huria ulipita katika mitaa mingi ya jiji hili, vijana wa vyuo na wenyeji wakichora mifereji na mipaka ya mafuriko kwa kuwauliza waliokuwapo. Sisi tulikuwa na madaftari ya kaunta na futi za fundi cherehani, mojawapo ya mjomba.

Watoto walijifunza haraka kuliko mimi. Niliwapa fomu yenye sentimita. Wakarudi wakisema watu hawakumbuki sentimita. Watu wanakumbuka gotini, kiunoni, kwenye kitasa, kwenye dirisha, juu ya friji. Kwa hiyo wakauliza hivyo, kisha wakapima kitasa. Watu hawakumbuki tarehe. Wanakumbuka wiki ya msiba wa fulani, mwaka mtoto alipoanza darasa la kwanza, Ramadhani ya jua kali. Ni kalenda ile ile ya bibi. Tulichukua tarehe za kimataifa, tukazilaza kando ya kalenda hizo, na mara nyingi zilikutana. Mara nyingine hazikukutana kwa sababu tukio la mtaa halikuwa limeandikwa popote. Hayo ndiyo tuliyoyapigia mstari mwekundu.

Somo la mvua nalo lilibadilika. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa taarifa kwa rangi: njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Taarifa zile husema mvua inayozidi milimita 50 kwa saa 24. Nikawauliza wanafunzi, milimita 50 ni nini? Wakaonyesha kwa vidole, kitu kifupi kama kidole gumba. Nani ataogopa kidole gumba? Tukapiga hesabu: milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita moja ya mraba. Paa la mita za mraba 40, milimita 50, ni lita 2,000, ndoo mia moja za lita ishirini kutoka kwenye bati la nyumba moja ndogo. Zidisha kwa nyumba zote kuanzia juu Pugu na Kisarawe mpaka Jangwani, zote zikimwaga kwenye Msimbazi. Kimya kilichotanda pale darasani ndicho ninachokitaka kila mwalimu akipate walau mara moja.

Mkutano wa mtaa ulifanyika Septemba, kabla ya vuli. Nilianza mimi, na sikuanza vizuri. Nilitaja mamilioni ya dunia, mabilioni ya dola, nikaona watu wanaangalia simu zao. Kisha yule binti wa dawati la mbele akasimama na daftari. Akasoma: "Duka la Mangi. Maji yamefika kwenye kitasa mara tatu ndani ya miaka saba."

Mtu wa nyuma akapaza sauti: "Si kitasani! Dirishani!"

"Dirishani ilikuwa ile ya pili," akajibu Mangi mwenyewe. "Ya tatu ndiyo kitasani."

Wakabishana dakika ishirini. Mama lishe akasema mwaka wa pili yeye alikuwa amehamisha meza barazani kwa Hajjat, kwa hiyo lazima iwe Aprili. Mzee mmoja akatoka nje na watu wakamfuata, akawaonyesha mstari wa tope ambao rangi mpya ya ukuta haikuuficha. Binti akafuta, akaandika upya. Sijawahi kuona watu wakisahihisha takwimu kwa bidii namna ile. Katika ofisi nyingine ningeambiwa nikusanye maoni kwa dodoso.

Mabishano yale yalizaa vitu vitatu, vidogo, na navijali vyote. Mtaro wa nyuma ya soko ulizibuliwa kabla ya mvua badala ya baada. Ziliorodheshwa kaya 11 zenye wazee au watu wasioweza kutembea, kila moja ikapewa kijana wa kuibishia hodi. Na muadhini na mchungaji walikubaliana kutumia vipaza sauti vyao ikitoka taarifa ya rangi ya chungwa au nyekundu, kwa maneno ambayo bibi angeyaelewa. Kuhusu maneno hayo tulibishana pia. Nililipigania neno tufani, na limo.

Vuli ile maji yalikuja gotini tu. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyehama, hakuna mstari utakaoandikwa Ubelgiji. Katika daftari letu tuliandika: tarehe, gotini, vijana walibisha hodi nyumba 11, saa nne usiku. Nadhani safu ya namna hii inapaswa kuwapo hata katika madaftari makubwa, ya yale yaliyokuja yakakuta watu wamejiandaa. Kimbunga Jobo kilipotukaribia Aprili 2021 kisha kikaishia njiani, vijiweni watu walisema watabiri wamekosea, na mwaka mmoja baadaye hakuna aliyekumbuka kwamba boti ziliwekwa nanga na watu wakajifunza kitu.

Kitambulisho cha mama kinasema amezaliwa tarehe 1 Julai 1954, kama wengi wa rika lake ambao waliandikwa kwa kukisia. Kama alikuwa anatambaa Aprili 1952, basi amezaliwa 1951, katikati ya mwaka hivi. Nilipomweleza alikaa kimya sana, kisha akasema, "Kumbe nimemzidi shoga yangu." Ameniomba nimwandikie kwenye karatasi, ameiweka ndani ya msahafu.

Nimenunua daftari la pili, kwa ajili ya Kitunda, ng'ambo ya ghuba ya Lindi, alikozaliwa bibi. Mstari wa kwanza nimeshauandika. Tukio: tufani. Tarehe: 15 Aprili 1952. Chanzo: bibi, kupitia kwa mama. Nyumba: imekwenda yote. Safu ya waliokufa nimeiacha wazi, kwa sababu yuko mzee mmoja kule aliyezaliwa mwaka 1940 na alikuwa akivua na baba yake wakati ule. Mama ameshamwambia nakuja Desemba. Amejibu nivuke na pantoni ya asubuhi, kabla jua halijawa kali, na nije na kalamu mbili, maana majina ni mengi.